Mwanamke wa Ndoo Aliyefutwa na Migongo

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeanza kuandika shajara. Sababu: watu maarufu huandikwa na wengine wakishakufa, na hao wengine huandika uongo. Afadhali nijiandike mwenyewe mapema, niuandike vizuri.

Mimi ni fundi wa picha katika studio ya Shangazi. Cheti sina. Mimi na shule tuliachana kwa makubaliano: nilikuwa nimeichoka, na yenyewe ilikuwa imenichoka zamani. Lakini nikishika kipanya cha kompyuta kinanitii kama mbwa aliyelelewa vizuri.

Habari ya leo si nzuri. Shangazi ametangaza kwamba Jumamosi pazia la Babu linashushwa.

Pazia lenyewe ni kitambaa kinachofunika ukuta mzima wa nyuma. Babu alilichora ujanani: bonde, mto, miti, mlima kwa mbali. Mji mzima umepigwa picha mbele yake. Ingia nyumba yoyote hapa mtaani, utakuta bonde la Babu limetundikwa ukutani, na mbele yake mtu amesimama kama amemeza fimbo. Koti na tai vilikuwa vya studio, vyote saizi moja, vikibanwa kwa pini mgongoni. Kitana kilifungwa kwa uzi kwenye kioo, kisitembee na mteja. Nilikuwa nikitoka shule naingia kulala nyuma ya pazia, kwenye harufu ya vumbi na rangi, namsikia Babu akiwaambia watu wainue kidevu, wasipumue, wapumue sasa. Sijawahi kulala vizuri pengine popote.

Sasa kitatundikwa kitambaa kitupu cha kijani, na mandhari yatawekwa na kompyuta. Wazo la Diploma hilo.

Diploma ni binti aliyeajiriwa na Shangazi hivi karibuni. Amemaliza chuo. Ana cheti, cheti kina muhuri, na nadhani hata muhuri wenyewe umesoma. Ananiita mdogo wangu, na kiumri tumepishana kidogo sana. Mimi namwita Dada Diploma, kwa heshima ya mdomoni.

Babu alikaa kwenye kiti chake mbele ya pazia kama kila siku. Macho yake yana ukungu unaozidi, na daktari alishasema wazi hautarudi nyuma. Baadaye akaniita pembeni. Akaniambia anataka jambo moja tu kabla ukungu haujafunga kabisa. Amwone tena mwanamke wa ndoo.

Nikamuuliza mwanamke gani. Akaelekeza kidole katikati ya pazia, kando ya mto. Nikasogea karibu. Hakuna mwanamke. Kuna doa linalong'aa mafuta ya nywele.

Ikabidi anieleze. Pale alimchora mwanamke mdogo, urefu wa kidole gumba, nguo nyekundu, ndoo kichwani. Bahati mbaya ndipo hasa kigoda cha wateja kilipowekwa. Vichwa na migongo ya mji mzima vimemsugua mpaka kafutika. Na hakuna aliyemkosa, maana hakuna aliyewahi kumwona. Kila aliyekuja kupigwa picha alimziba.

Nikamwambia Babu aache wasiwasi. Nitalipiga pazia picha, nitaliingiza kwenye kompyuta, nitamrudisha mwanamke mahali pake, nitachapa picha kubwa ya kutundikwa mbele ya kiti chake, na atamwona hata akiwa anapiga miayo.

Shangazi alikuwa akisikiliza, kazi yake hiyo. Akasema sawa, ila Jumamosi iwe tayari, hataki baba yake aje akute ukuta mtupu. Akaongeza kwamba yeyote atakayemwezesha mzee kumwona huyo mwanamke, ndiye atakayekalia kiti kipya cha kompyuta.

Kiti hicho kinazunguka. Nilikipenda tangu kikiwa ndani ya nailoni. Kwa sasa anakikalia Diploma.

Basi. Babu apate mwanamke wake, mimi nipate kiti changu. Kazi ya siku moja.

Jumanne, 5 Agosti

Si kazi ya siku moja.

Pazia nimelipiga picha, limetoka safi. Tatizo ni mwanamke. Nilitaka nimbuni tu, nani atajua? Babu akasema yeye atajua. Nikamuuliza kwa heshima zote atajuaje, na macho hayo. Akasema anamjua kwa mwendo. Nikamkumbusha kwamba picha haitembei. Akacheka mpaka akakohoa, akaniambia nikatafute.

Mpango: nipate picha ya zamani ambayo mwanamke hakuzibwa. Nikazunguka mtaa kuchungulia kuta za watu.

Kwa fundi cherehani: picha ya harusi yake. Bibi harusi alikuwa mpana, mto wote umepotea. Kwa muuza magazeti: yeye na ndugu zake, wamebanana kama vipande vya sabuni kwenye boksi. Kati ya bega na bega, kipande cha ndoo. Kwa mama wa duka la maziwa: ncha ya nguo nyekundu inatokea kwenye sikio la marehemu mumewe kama hereni. Mama aliniambia miaka yote alidhani ni uchafu, na kila akifuta kioo anashangaa hautoki.

Kila nyumba nilikaa kuliko nilivyopanga. Ukimwomba mtu picha ya zamani hakupi picha. Anakupa kiti, halafu chai, halafu anakuletea waliokufa mmoja mmoja, na kila mmoja ana kisa. Fundi cherehani alinionyesha tai ya studio shingoni mwake akasema ndiyo tai pekee aliyowahi kuvaa, na aliirudisha ikiwa bado ina joto. Nilijifanya nimeingiwa na kitu jichoni.

Nikarudi mikono mitupu. Shangazi akaniuliza nahangaika nini mtaani, na picha yangu ya utotoni ipo sebuleni kwake.

Nilikuwa nikiomba asiikumbuke.

Picha hiyo. Mimi, sijaanza hata kuongea, nimekaa kwenye kigoda, nalia, kamasi zimefika kidevuni. Suruali sina, ilikuwa imelowa. Na kwa kuwa nilikuwa mfupi kuliko mteja yeyote katika historia ya studio, mwanamke wa ndoo anaonekana mzima juu ya kichwa changu. Amesimama utosini kama anajiandaa kunimwagia maji.

Nimekula njama nyingi za kuiondoa picha hiyo sebuleni. Niliwahi kuifunika kwa kalenda. Shangazi akahamisha kalenda. Niliwahi kuigeuza iangalie ukuta. Akaigeuza, akaita majirani.

Na sasa ndiyo pekee iliyobaki. Dunia ina roho mbaya.

Jumatano, 6 Agosti

Nilifika mapema niiskani kabla Diploma hajaja. Diploma alikuwa ameshafika. Akaitazama skrini kwa utulivu mkubwa. Akaniuliza kati ya mwanamke na kamasi, kipi kinachotakiwa kionekane zaidi. Nikamwambia ashughulike na cheti chake.

Hata hivyo mwanamke yumo, mzima. Ndoo kichwani bila kushikwa, mkono mmoja umening'inia, mwingine ameutoa pembeni kidogo. Nikamkata kwa uangalifu kuzunguka ukingo, nikamweka kando ya mto. Akapotea hapo hapo. Ukitazama picha nzima unaona bonde, unaona mlima, humwoni mtu.

Diploma akanishauri bila kuombwa. Akasema kitu kidogo hakiongezewi, kinapunguziwa. Kiachiwe nafasi. Vilivyo karibu nacho vififishwe, jicho la mtazamaji lisiwe na pengine pa kwenda. Nikamwambia asante dada, huko chuoni naona walikuwa na uhaba wa vitu.

Falsafa yangu: watu wakijaa mahali, na wewe utakwenda kuangalia kuna nini. Nikaujaza mto maporomoko. Nikaweka swala. Nikaweka bata wakubwa weupe wenye shingo ndefu. Kasuku, maua mekundu kila upande, upinde wa mvua, na mbingu ya bluu ambayo haijawahi kutokea. Katikati ya yote, mwanamke wa ndoo.

Nikachapa kubwa. Taa ya printa ilianza kukonyeza nyekundu. Inanisumbua macho. Nimeibandika plasta ya kidonda.

Babu akaketi mbele ya picha. Akaangalia muda mrefu. Akasema anaona rangi nyingi. Akauliza bonde limepangishwa lini, na kama wapangaji wote wanalipa kwa wakati.

Mwanamke hakumwona.

Shangazi alipenda bata.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimegundua kosa. Ni rahisi mno, naona aibu kwa niaba ya watu wote wasioliona. Kama kitu ni kidogo, kikuze.

Nikamkuza mwanamke mpaka akafikia mti. Nikaona bado, nikamkuza akaupita. Kwa kuwa alitoka kwenye picha ndogo, alipokuwa mkubwa akavunjika miraba-miraba, akageuka vigae. Uso vigae, nguo vigae, ndoo kama jengo la ghorofa. Nilisema akitazamwa kwa mbali haitajulikana.

Babu alimwona mara moja. Akauliza nani kajenga mnara wa simu pale mtoni.

Nikamwambia ndiye mwanamke wa ndoo. Babu akasema taratibu kwamba hapana, bibi yangu hakuwa hivyo.

Bibi yangu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni yeye. Bibi alifariki kabla kichwa changu hakijaanza kuweka kumbukumbu. Ninachojua kumhusu ni jina na kaburi.

Babu akaniambia nikae chini. Nikakaa kwenye kigoda. Akasimulia kwamba alikuwa kijana mchoraji wa mabango. Siku hiyo alikuwa juu ya ngazi upande wa pili wa bonde, anaandika bango la mashine ya kusaga nafaka. Hakukuwa na jengo lingine. Sasa hivi bonde lile ni maghala na kituo cha mafuta. Akageuka kuchovya brashi, akaona kitu chekundu kinatembea huko chini, kidogo kama njiti ya kiberiti. Uso hakuuona. Aliona ndoo isiyoshikwa, na mkono mmoja uliotolewa pembeni, kama anamwongoza mtoto ambaye hayupo. Kesho yake akapanda ngazi tena. Bango lilikuwa limekwisha, akalipaka upya. Aliendelea kulipaka mpaka mwenye mashine akauliza kuna nini.

Alipopata ujasiri wa kuteremka, Bibi akamwambia na yeye alikuwa akimtazama kila siku kutoka chini. Mtu mdogo mwenye brashi, hajui kushuka ngazi.

Ndiyo maana hakumchora kwa ukubwa. Akimchora karibu, akasema, anakuwa mwanamke yeyote.

Shangazi alikuwa mlangoni. Akasema kwenye ile picha yangu nalia kwa sababu Bibi alikuwa amesimama nyuma ya kamera akinitikisia funguo, nami nilitaka anibebe. Kwa hiyo kamasi zile zote zilikuwa za kumlilia yeye. Sikujua. Nimeitukana picha ile miaka yote.

Nilihuzunika kwa dakika chache. Halafu nikapata wazo jingine.

Mwanga. Nikamrudisha Bibi kwenye udogo wake, nikamzungushia duara la mwanga wa manjano, kali, lenye miale. Huyu huwezi kumkosa.

Babu akaangalia, akanishika mkono, akanivuta pembeni. Alidhani ni taa ya pikipiki inatujia.

Nikiwa bado nachanganyikiwa, Diploma akaleta picha yake. Kumbe naye anakitaka kiti anachokalia. Yeye ameufanya mlima hafifu, miti hafifu, mto hafifu, kila kitu kimefunikwa na ukungu mwororo, na Bibi ametokeza kidogo katikati. Ilikuwa nzuri, na nilijua.

Babu akaipapasa kwa macho. Akamshukuru, akamwita mwanangu, akasema ukungu anao wa kwake wa kutosha.

Tumetoka suluhu. Nilicheka chooni.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya mwisho. Fundi wa fremu amesema anakuja kesho asubuhi, fremu iko tayari, inasubiri picha.

Kompyuta imegoma. Ina kasuku wengi mno, kila nikihifadhi inapumua kama mzee kwenye ngazi. Ikanibidi nifute. Nilifuta swala. Nilifuta upinde. Nilifuta bata nikiwa nimefumba macho, kwa ajili ya Shangazi. Mwishowe nikabaki na bonde tupu na Bibi, kama nilivyoanza Jumatano. Siku zote zile, na nimerudi mlangoni.

Nikamsikia Diploma akimweleza mteja kwenye simu kwamba nyekundu hujitokeza mbele ya kijani. Sikumwibia wazo. Lilikuwa linapita hewani nami nina masikio.

Nikalitia bonde kijani. Kijani kibichi, majani ya kuumiza meno. Mbingu nikaitia bluu, mto bluu zaidi. Kila kitu kibichi isipokuwa yeye na nguo yake. Kwenye skrini ilikuwa ajabu. Nilimwita Diploma aje aone anavyoshindwa. Akaangalia akasema haijambo, na kutoka kwake hilo ni sawa na kupigiwa ngoma.

Nikachapa.

Karatasi ikaanza kutoka, nikadhani naota. Mbingu nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Majani yote ya njano iliyopauka. Mto, mstari wa mavumbi. Mlima, kivuli tu. Nikapiga printa kofi. Ikaendelea.

Diploma akaja, akabandua plasta yangu, akasoma kilichokuwa kikikonyeza chini yake. Wino wa bluu umekwisha. Nimeumaliza kwenye mbingu na maporomoko ya Jumatano, pamoja na mabawa ya kasuku. Bila bluu hakuna kijani. Akanieleza hilo polepole, kama mtu anayemvalisha mtoto viatu. Duka la wino limeshafungwa, litafunguliwa Jumatatu.

Nilitaka kuichana. Diploma akaniambia nisiichane, niiangalie kwanza vizuri. Nikamwambia mtu akishinda awe na adabu. Akatikisa kichwa akaenda zake.

Nimeificha chini ya meza, imegeukia ukuta. Kesho nitaugua. Nimeanza kukohoa kwa mazoezi.

Sikohoi vizuri. Kila nikikohoa namfikiria Babu amekaa mbele ya ukuta mtupu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilikwenda. Kukohoa kulinishinda.

Pazia lilishushwa kabla ya wateja. Fundi wa fremu alishika upande mmoja, mimi mwingine. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, lilianguka kwa sauti kama mtu anayekaa chini baada ya safari. Vumbi likapanda, nikasikia ile harufu. Upande wa nyuma, kwa chini, kuna baiskeli iliyochorwa kwa chaki, na jina langu limeandikwa vibaya. Nilikuwa nimeisahau. Nilikuwa nikilala pale nikisubiri Babu afunge, twende nyumbani nikiwa nimeshika kidole chake. Tulilikunja polepole. Hakuna aliyefanya mzaha, hata mimi, na nilikuwa nao.

Ukuta ukabaki mweupe, una alama za misumari. Tukasikia fimbo ya Babu inakuja kwenye korido.

Shangazi akaniuliza picha iko wapi. Nikaanza kueleza habari za wino, za dunia, za viwanda. Hakunisubiri. Macho yake yalikwenda chini ya meza moja kwa moja, amenilea huyo. Akaitoa, akaiangalia, mdomo ukamfunguka. Akampa fundi wa fremu. Nilidhani ni hasira.

Ikatundikwa. Babu akaongozwa mpaka kwenye kiti.

Nilisimama nyuma yake nikiwa nimeshatunga visingizio kwa mpangilio mzuri, kuanzia kiwanda cha wino. Babu aliinua kidevu kama wateja wake. Halafu akasema kiangazi.

Nikadhani anaomba maji.

Akarudia kwamba ni kiangazi. Akasema siku ile majani yote yalikuwa yamekauka, bonde zima la rangi ya mkate, mbingu haina kitu. Kwenye pazia aliyapaka kijani kwa sababu wateja walitaka kijani. Alisema hakuwahi kumwambia mtu. Akaniuliza nimejuaje.

Nikasema fundi hutafiti.

Akaomba kiti kisogezwe nyuma. Tukasogeza. Akasema bado. Tukasogeza mpaka kikagusa mlango, mbali kabisa. Hapo akatulia. Kutoka mlangoni nami nikaangalia, na kweli: bonde lote limepauka, macho hayana pa kwenda, na mle ndani kuna wekundu mmoja mdogo kama njiti ya kiberiti. Ndoo haikushikwa. Mkono umetolewa pembeni.

Babu akasema huyo anatembea.

Mkono wake ukatoka kwenye fimbo, ukaenda pembeni, ukabaki hewani umefunguka kidogo. Shangazi akageukia dirisha kuangalia kitu ambacho hakikuwepo. Diploma alifuta miwani ambayo haikuwa chafu. Mimi nikaushika ule mkono, maana ulikuwa usawa wangu.

Halafu nikakumbuka kiti.

Nikamkumbusha Shangazi ahadi yake. Akasema ahadi ni ahadi, akakivuta kiti cha kuzunguka kutoka kwa Diploma, akakisukuma sakafuni, akamkalisha Babu. Akasema akitaka jua atageukia mlango, akimtaka mkewe atageukia ukuta.

Mimi nimepewa kigoda. Ni kilekile. Bado kinayumba upande wa kushoto.

Jumatatu, 11 Agosti

Wino wa bluu umefika. Siuhitaji. Mimi sasa nina mtindo.

Fundi cherehani amekuja kuiona picha, anataka harusi yake nayo ihamishiwe kwenye bonde lililokauka. Mama wa duka la maziwa aliposikia ule uchafu ulikuwa Bibi, aliketi akacheka, halafu akalia, halafu akacheka tena, akasema amemsugua miaka yote bila kumsalimia. Nimewaeleza wote kwamba nilipunguza bluu kwa makusudi, hatua kwa hatua. Diploma akaniomba mbele yao nifafanue hatua hizo. Uso mkavu. Nilifafanua kwa muda mrefu. Nilipomaliza akabandua plasta iliyokuwa imebaki kwenye printa, akanibandika kwenye paji la uso, akaniita mdogo wangu, akaniambia nipumzike.

Wivu.

Lakini picha ina kasoro, na ni mimi tu ninayeiona. Bibi yuko peke yake. Mkono wake umetolewa kwa ajili ya mtoto ambaye hayupo, Babu mwenyewe alisema. Sasa fikiria: mjukuu gani anamfaa?

Nikajipiga picha nimevaa koti la studio, tai, na miwani ya jua. Nikajichapa kwa udogo uleule, urefu wa kidole gumba, kwa kufuata kanuni za umbali. Mtaalamu huzingatia. Nikajikata kwa mkasi, nikapaka gundi, nikajibandika kando ya mto, pale pale kwenye mkono wake. Kwa karibu napendeza sana.

Babu akaja, akaketi, akazunguka na kiti kuelekea ukutani. Akazunguka mlangoni, akarudi tena ukutani. Kwa sauti ndogo sana akauliza amekwenda wapi.

Nikajibu yupo, mbona yupo.

Akasema kuna mtu amemziba.

Shangazi akasogea, akainama, akaona doa. Hakuuliza doa la nani. Akatia kitambaa maji, akasugua mara moja, nikatoka. Miwani, tai, koti, vyote vimebaki kwenye kitambaa. Babu akashusha pumzi, akasema ah, huyo hapo.

Nimekaa kwenye kigoda jioni yote nikilitafakari jambo hili kwa utulivu, bila hasira, kama fundi. Nimeona kosa lilipokuwa, na ni rahisi mno.

Nilikuwa mdogo. Kesho najikuza.